Ncha ya Jani la Chuma

Tangu Jumanne Bwana Nukta alikuwa hali akashiba, halali akapumzika, na kisa chenyewe ni pikipiki kunyamaza.

Si kwamba ilikuwa imekufa. Iliwaka kwa kiki moja, ikaenda, ikarudi. Ila ule mlio wa tik-tik-tik uliokuwa ukitoka kichwani mwa injini ulikuwa umepotea. Binti yake, mkunga, ambaye ndiye mwenye pikipiki, alifurahi. "Baba, siku hizi imetulia kama mpya," alisema. Mke wa mzee naye alishukuru, maana alikuwa haamshwi tena na makelele alfajiri. Mzee peke yake ndiye aliyeingiwa na ubaridi. Alikuwa ametengeneza saa za watu miaka thelathini na minane, hata hilo jina la Nukta alilipatia huko, na alijua kuwa kitu kilichoumbwa kigonge kikiacha kugonga, pana jambo.

Kichwani mwa injini ya pikipiki mna valvu mbili, moja ya kuingiza hewa na petroli, nyingine ya kutoa moshi. Juu ya kila valvu pana kidole cha chuma kinachoisukuma ifunguke. Mafundi hukiita tapeti. Kati ya kidole na valvu lazima ibaki nafasi, nyembamba kuliko unywele, kwa sababu chuma kikipata moto hutanuka. Nafasi ikizidi, tapeti hugonga, na kelele zake ni za kuudhi tu. Nafasi ikikosekana, tapeti hunyamaza, valvu haifungi sawasawa, nguvu inavuja, na injini ikishachemka inazimika popote ilipo.

Na Jumanne ilizimika. Ilizimika katikati ya mlima wa machimbo, kwenye kona ya tatu, pale ambapo malori ya kokoto hushuka yakiwa yamejaa na hupanda yakiwa na haraka. Binti alisimulia huku anakula, tena kwa kucheka. Alivyopiga kiki hadi goti likauma, alivyoikokota pembeni, lori lilivyompita karibu mpaka upepo wake ukamyumbisha. Baadaye injini ikapoa, ikawaka, akaenda zake kazini kule juu kwenye zahanati.

"Petroli chafu tu, Baba. Usinikodolee macho."

Mzee aliinuka akaenda kunawa mikono ambayo ilikuwa safi. Aliyeseti tapeti zile mara ya mwisho, miezi mitatu nyuma, alikuwa yeye.

Hakuna aliyemlazimisha. Pale njia panda palikuwa na fundi mzuri tu, ila mzee alimwona siku moja akipima tapeti kwa kuzitikisa na kidole, kama mtu anayejaribu kama uji umepoa, akarudi nyumbani amekasirika. Nafasi ya sehemu tano za mia za milimita mtu anaipimaje kwa kidole? Akatafuta kitabu cha pikipiki ile, akakisoma na kamusi pembeni, akanakili kurasa nne kwenye daftari kwa mwandiko wa kujivunia. Akanunua na fila, yaani yale majani ya chuma yaliyofungwa pamoja kama kisu cha kukunja, kila jani na unene wake uliochorwa juu yake. Jembamba kuliko yote liliandikwa tano. Hilo ndilo lililotakiwa kwa valvu zote mbili.

Jambo ambalo hakuliandika kwenye daftari, wala hakumwambia mtu, lilikuwa mkono wake wa kushoto. Ulikuwa umeanza tabia tangu mwaka uliopita. Ukiutuliza mapajani, wenyewe unacheza. Ukishika kitu kidogo, unakiachia bila kuaga. Ndiyo maana duka la saa lilifungwa. Watu aliwaambia kwamba simu zimeua saa, na kwa kuwa lilikuwa kweli, hakuna aliyeuliza zaidi.

Jumamosi binti alirudi kutoka zamu ya usiku saa mbili asubuhi, akaoga, akalala. Zamu yake nyingine ilikuwa saa kumi na mbili jioni. Kitabu kilisema injini ipoe kabisa. Mzee alivumilia hadi saa nane mchana, akaigusa, akaiona baridi kama jiwe la kisimani, ndipo akaisogeza kwenye kivuli cha ukuta wa nyuma na kutandika gunia.

Mkewe alikuwa kizingitini na sinia la mchele mapajani.

"Umeanza tena?" akauliza. "Mafundi wa mji mzima wamekufa?"

"Hawajafa. Hawapimi."

"Haya, wewe unayepima." Akapepeta, akapuliza pumba. "Pima vizuri basi. Mwenzio mtoto ninaye huyo mmoja."

Alilisema kwa mzaha, lakini mzee lilimwingia kama mwiba. Akajifanya anasoma daftari.

Akafungua plagi ili injini izunguke kwa urahisi. Akafungua vifuniko viwili vya tapeti juu, na viwili vya ubavuni. Akaingiza spana kwenye nati kubwa ya ubavuni, akazungusha taratibu hadi alama ya T ikasimama mbele ya mkato wake. Pistoni juu kabisa, valvu zote zimefungwa. Akapitisha jani la tano chini ya tapeti ya kuingiza. Likapita, likivutika kidogo kama kisu kwenye siagi. Sawa kabisa.

Akaenda ya kutoa moshi. Jani halikuingia. Akalipaka oili, akajaribu pembeni, akajaribu tena. Hapakuwa na nafasi hata ya kupitisha pumzi.

Kumbe kweli. Mwanangu amepanda mlima ule siku ngapi hivi? Akafunua daftari kwa haraka, akapata mstari alioutafuta: valvu hulika kadiri inavyotumika, na nafasi hupungua yenyewe. Akaushukuru mstari ule kama mtu aliyeletewa shahidi. Imelika yenyewe. Si mimi.

Sasa kazi yenyewe. Pale kwenye ncha ya tapeti pana skrubu ndogo, na juu ya skrubu pana nati ya kuikaza isisogee. Unalegeza nati, unazungusha skrubu mpaka jani lipite inavyotakiwa, kisha unaishika skrubu kwa mkono mmoja isitikisike huku mwingine unakaza nati. Mkono wa kuishika skrubu ni wa kushoto.

Aliushika mkono ule kwanza kwa macho, kama anavyotazamwa mtu asiyeaminika. Akalegeza, akaweka jani, akapata mvuto mzuri. Akakaza nati. Kidole gumba cha kushoto kikaruka kidogo, kidogo sana, akajiambia hakikuruka. Akavuta jani lake.

Halikuja. Akavuta kwa nguvu. Likaja, lakini lilikuja fupi.

Alilitazama kwenye mwanga. Ncha yake, kipande kama ukucha wa mtoto mchanga, haikuwepo.

Katika duka lake palikuwa na sheria moja, na kila mteja aliijua. Skrubu ikianguka, Bwana Nukta alipiga ukelele mmoja tu, "Miguu!" na watu wote waliganda walipo, hata aliyekuwa anaondoka, hadi kipatikane kilichoanguka. Hata nyumbani waliizoea; mkunga alipokuwa mtoto aliwahi kuganda mlangoni na ndoo ya maji kichwani hadi shingo ikamuuma. Sasa neno lilimfika mzee kooni, mdomo ukafunguka. Akaufunga. Kumpigia mkewe ukelele ule kulikuwa ni kukiri.

Akawasha tochi ya simu, akachungulia ndani ya shimo la tapeti. Oili inang'aa, chuma kinang'aa, kila kitu kinang'aa. Akafunga sumaku ndogo kwenye uzi, akaitumbukiza, akaizungusha kila upande, akaitoa. Haina kitu. Akaipitisha kwenye gunia, kwenye mchanga, chini ya kiti. Ikazoa vumbi la chuma na pini moja ya nywele.

"Umepoteza nini?"

"Sijapoteza kitu."

"Mbona unachungulia kama kuku anayetafuta punje?"

"Nakagua, mke wangu. Kukagua ni sehemu ya kazi."

Alijua kipande kama kile kinaweza kufanya nini. Katika saa, chembe ndogo kuliko ile ilitosha kusimamisha kila kitu. Ndani ya injini kingesombwa na oili, kikazunguka, kikaingia pasipotakiwa. Pengine leo, pengine baada ya mwezi. Pengine kwenye kona ya tatu.

Wakati huohuo simu ililia chumbani. Akasikia sauti ya binti yake, nzito ya usingizi, kisha ghafla nyepesi. "Mapacha? Wa kwanza amekaaje? ... Upo peke yako? Nakuja. Usimwache, nakuja sasa hivi."

Mzee akarudisha vifuniko. Mikono ilifanya kazi yenyewe, kifuniko, boliti, kifuniko, boliti, plagi, waya wa plagi. Hata kurudia kipimo hakukumbuka. Alichofikiri ni kimoja tu, kuifunga injini asiione tena wazi.

Mkunga akatokea uani anafunga kilemba, begi begani, kiatu kimoja mguuni na kingine mkononi.

"Shikamoo Baba. Umemaliza? Iko tayari?"

"Marahaba, mama. Iko tayari," akasema mdomo wake.

Mdomo wake ndio uliosema. Yeye mwenyewe alikuwa amesimama pembeni anausikiliza. Ncha imeangukia mchangani, akajiambia, lazima. Au imezama kwenye oili, na chini kuna chujio, chujio litaikamata. Au imekatika zamani na sikuona. Alizihesabu hizo labda moja moja, na kila aliyoifikia ilikuwa nyembamba kuliko iliyotangulia.

Binti akavaa kofia ngumu, akakaa kitini, akaingiza ufunguo. Taa ya kijani ikawaka. Akainua mguu kukanyaga kiki.

"Usiwashe!"

Sauti ilitoka kubwa hata mkewe akamwaga mchele. Mkunga akabaki na mguu hewani.

"Baba?"

"Shuka. Nimeacha chuma ndani ya injini. Kipande cha jani la kupimia, kimekatika, sijui kiko wapi."

"Sasa hivi umesema iko tayari."

"Nimekudanganya."

Mkunga alishuka taratibu, akavua kofia. Hakupiga kelele, na mzee alitamani apige.

"Mzee, nina mama anajifungua mapacha kule juu. Mwenzangu yuko peke yake na ana miezi miwili kazini." Akatazama saa. "Unajua ulitaka kufanya nini?"

"Najua."

"Hujui. Ungejua usingeniambia iko tayari."

Akageukia ukuta wa jirani akapaza sauti. Nyumba ya pili alikaa bwana mmoja mbeba abiria, mtu mzima na watoto wake, ambaye watu walimwita Polepole kwa sababu hajawahi kwenda hivyo. Polepole alitoka na mswaki mdomoni, akasikiliza maneno mawili, akautema mswaki.

"Dada mkunga, panda. Dakika ishirini."

"Nataka nusu saa," mzee akamwambia, amemshika mkono. "Bwana we, nusu saa. Pale kona ya tatu..."

"Mzee wangu, mimi na mlima ule tumezaliwa siku moja. Niachie mkono basi, utanichania shati."

Wakatoka getini kwa mlio uliopasua mtaa. Mzee alisimama akisikiliza hadi mlio ukaishia barabara kubwa, na hofu aliyokuwa nayo ikagawanyika mbili: moja ikakaa kwenye injini, nyingine ikapanda mlima nyuma ya Polepole.

Mkewe hakumsema. Alizoa mchele wake, akauweka pembeni, akaja akachuchumaa mbele ya pikipiki.

"Nikushikie tochi?"

"Shika."

Akafungua tena. Safari hii hakuharakisha, kwa kuwa hapakuwa na cha kuficha. Akazungusha injini hadi alama ya T, akaangalia valvu zimefungwa. Kisha akafanya kile kitendo cha fundi wa njia panda alichokidharau: akaishika tapeti ya kuingiza kwa kidole na kuitikisa. Ikacheza kidogo, tik. Akaishika ya kutoa moshi. Haikucheza. Imekaza kama jino.

"Sogeza mwanga. Hapo. Usitikisike."

Chini kabisa ya skrubu, pale inapogusa kichwa cha valvu, palikuwa na ukingo mwembamba wa chuma unaong'aa kuliko vyuma vingine. Ncha haikuwa imeanguka. Haikuwa imekwenda popote. Ilikuwa imebanwa palepale alipoiweka yeye, na alikuwa ameitafuta kote isipokuwa hapo, kwa sababu miaka thelathini na minane ilimfundisha kutafuta vilivyoanguka.

Akalegeza nati, akaichomoa kwa kibano cha saa, akaiweka kiganjani.

"Alhamdulillahi," mkewe akasema. "Imepatikana. Yameisha."

Mzee alibaki ameiangalia. Jani lilikuwa na mvuto mzuri kabla ya kukaza nati, hilo alilikumbuka. Baada ya kukaza, likabanwa likakatika. Maana yake skrubu ilizunguka pamoja na nati. Maana yake mkono uliotakiwa kuishika haukuishika. Na kama haukuishika leo...

"Hayajaisha," akasema. "La Jumanne pia ni mimi."

"La Jumanne lilikuwa petroli."

"Petroli haikazi skrubu. Miezi mitatu iliyopita nilikaza hivihivi, na mkono uliniachia hivihivi. Injini ikichemka nafasi inakwisha. Nilimpandisha mtoto mlima ule kila siku na pikipiki niliyoiharibu kwa mkono wangu, na nikiwaona mafundi wajinga."

Mkewe alizima tochi.

"Hilo tunalijua wewe na mimi," akasema kwa sauti ya chini. "Kitupe hicho kichuma shimoni. Kesho ipeleke pikipiki kwa fundi, aseti, basi. Una haja gani ya kumfanya mtoto akuogope?"

Saa kumi na moja ikapita. Polepole hakurudi. Saa kumi na mbili ikagonga kwenye saa ya ukutani, nzito, kila pigo likamgusa mbavu. Alipiga simu ya binti, ikaita hadi ikachoka. Kila lori lililounguruma barabara kubwa alilisikiliza kana kwamba lingesema neno. Mkewe alileta chai, akaiacha ikapoa, akaja akaiondoa. Ile ncha ilikuwa bado kiganjani. Aliifumbata hadi ikamchora.

Saa moja kasoro Polepole akaingia getini kwa miguu, akisukuma pikipiki.

Mzee akatazama nyuma yake, hapakuwa na mtu.

"Tairi tu, Mzee," Polepole akasema upesi alipomwona uso. "Pancha, wakati narudi. Dada nilishamfikisha zamani. Kanipiga mgongo njia nzima, polepole, polepole, mpaka nikadhani ananiita jina."

Binti alirudi Jumapili saa mbili na nusu asubuhi kwa gari la zahanati, macho mekundu, nguo imekunjamana. Mapacha wazima, mama yao mzima. Aliyasema hayo kwa mama yake jikoni, kisha akatoka uani. Baba yake alikuwa kwenye kiti kilekile kama aliyelala hapo, pikipiki mbele yake, vifuniko wazi.

"Imepatikana?" akauliza. Sauti yake haikuwa imelainika.

Mzee akafungua kiganja. Akamwambia ilikuwa wapi. Angeweza kuishia hapo, na jikoni sufuria ilikuwa imeacha kugongwa, mkewe anasikiliza kama ataishia hapo. Akaendelea. Akamweleza la skrubu na nati, akamweleza la Jumanne, na mwisho, akiwa ametazama gunia, akamweleza la mkono.

Mkunga alivuta ndoo, akaigeuza, akaketi juu yake.

"Nyoosha."

"Nini?"

"Mikono yote miwili. Nyoosha mbele, kama mtoto anayesubiri bakora."

Akanyoosha. Wa kulia ulitulia. Wa kushoto ulianza safari yake. Binti akauweka mapajani mwake, akautazama ukicheza, akaukunja kiwiko, akaukunjua, akamwambia agonganishe kidole gumba na cha shahada, haraka, haraka zaidi. Vidole vikachelewa. Mzee hakuvitazama vidole. Alimtazama binti yake usoni, na pale akauona uso ambao hakuwahi kuuona nyumbani: mtulivu, mpole, usioonyesha kitu. Uso anaowavalia wagonjwa. Ndipo akaogopa kuliko siku zote tangu Jumanne.

"Ni nini, mama?"

"Sijui, Baba. Mimi ni wa kuzalisha." Hakuuachia mkono. "Tangu lini?"

"Mwaka jana. Kabla sijafunga duka."

"Mwaka mzima unaficha mkono wa kushoto, na mimi mtu wa hospitali naishi humu humu." Akapumua kwa nguvu. "Kesho asubuhi tunaenda wote hospitali. Kuna daktari wa mishipa ya fahamu anakuja Jumatatu."

"Tutaenda na nini?"

Binti alitazama injini iliyo wazi, akatazama spana. Akaziokota mbili, ndogo na ndogo zaidi, akazigeuza mkononi kama vitu alivyovikuta njiani.

"Nionyeshe."

"Umechoka. Hujalala."

"Nionyeshe, Mzee."

Akamwonyesha. Jani lililokatika lilibaki na urefu wa kutosha. Yeye akalishika kwa mkono wa kulia, binti akashika skrubu kwa mkono mmoja na nati kwa mwingine, meno yameuma mdomo wa chini. Akakaza.

"Haikuzunguka?"

"Haikuzunguka."

"Una hakika?"

"Vuta uone."

Akavuta. Likaja, laini, zima. Hakuridhika. Akamwambia alegeze, waanze upya. Wakafanya mara ya pili, jani likaja. Wakafanya mara ya tatu. Binti alikuwa ameshaelewa tangu ya kwanza kwamba nafasi imepatikana, na kwamba baba yake anachosogeza mbele ni kesho, lakini hakumharakisha. Alilegeza nati tena.